Kurasa tano, vyanzo sita: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aanzie wapi maktabani?

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza chuoni. Tumepewa insha ya kurasa tano kuhusu simu na vijana, na tumeambiwa tutumie vyanzo visivyopungua sita, vitatu kati yake viwe makala za majarida ya kitaaluma. Nimeandika 'simu na vijana' kwenye Google yakaja mamilioni ya matokeo. Nikaenda maktaba, nikazunguka kwenye rafu, nikatoka mikono mitupu. Kumuuliza mkutubi naona haya, maana sijui hata nimuulize nini. Nianzie wapi?"

JIBU: Marahaba. Tatizo lako limeanza kabla hujafika maktabani. Uliingia na mada tu, tena pana. "Simu na vijana" inaweza kuwa habari ya afya, elimu, sheria, biashara, malezi, siasa au lugha, na kila moja ina rafu zake na watu walioishughulikia maisha yao yote. Hata mkutubi hodari hawezi kukuelekeza popote kwa maneno hayo matatu.

Insha ya kurasa tano ina maneno kama 1,500 hivi. Toa utangulizi na hitimisho, unabakiwa na aya saba au nane za kujengea hoja. Unahitaji swali linaloweza kujibika ndani ya aya hizo, kwa hiyo ibane mada yako. Vijana gani? Wanaitumia simu vipi, na saa ngapi? Inagusa nini hasa katika maisha yao? Ukiendelea kubana unaweza kufika hapa: je, kutumia simu kitandani kabla ya kulala kunawapunguzia usingizi wanafunzi wa vyuo? Hapo kuna watu, kuna kitendo, kuna wakati, na kuna jambo linalopimika. Zaidi ya hayo, jibu lake bado hulijui. Mwanafunzi anayejua jibu kabla hajasoma huishia kuandika mahubiri, na mhadhiri huyatambua kuanzia aya ya kwanza.

Usiogope kulibadilisha swali njiani. Wengi hulifunga siku ya kwanza, kisha wiki nzima wanahangaika kutafuta vyanzo vinavyolitii. Soma kidogo, rudi kwenye swali, lirekebishe, usome tena. Ukikuta kwamba watafiti wengi hawakuitenga simu na vifaa vingine vya skrini, nawe tanua swali kidogo uendelee.

Siku ya kwanza achana na majarida. Makala ya jarida ni mtaalamu anayewaandikia wataalamu wenzake, na ukiivamia bila maandalizi itakukatisha tamaa bure. Anza na ensaiklopidia, sura moja ya kitabu cha kiada, hata Wikipedia. Najua mmekatazwa Wikipedia. Kinachokatazwa kwa haki ni kuitaja kama chanzo chako. Kuisoma upate picha ya jambo, halafu ushuke hadi kwenye orodha ya marejeo chini ya ukurasa, ni kitu ambacho hata watafiti wakubwa hufanya, wakiri wasikiri.

Usomaji huo wa awali ni wa kukusanya maneno. Wewe unasema "kukosa usingizi", lakini wanaochunguza usingizi hutenganisha mambo: muda ambao mtu huchukua hadi asinzie, jumla ya saa alizolala, mara alizoamka usiku, ubora wa usingizi kwa maelezo yake mwenyewe, na kiwango cha melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia. Kila kimoja ni neno la kutafutia. Gawa ukurasa wa daftari mara mbili, upande mmoja uandike neno kwa Kiswahili, upande wa pili neno la Kiingereza kama ulivyolikuta kwa wataalamu, kwa sababu sehemu kubwa ya makala za fani hii zimeandikwa kwa Kiingereza. Usijitungie tafsiri kwa kukisia. Neno moja lisilotumiwa na wenye fani linaweza kukufungia mlango mchana kutwa.

Sasa tuingie maktaba. Wageni huchanganya vitu viwili, katalogi na kanzidata, yaani hifadhi ya kielektroniki ya taarifa za makala. Katalogi inakuambia maktaba yako ina nini: vitabu, tasnifu, majina ya majarida. Kwa kawaida haikuambii ndani ya jarida fulani mna makala zipi. Ndiyo maana mtu huandika kichwa cha makala kwenye katalogi, akaambiwa hakuna, akaondoka akiamini haipo. Makala hutafutwa kwenye kanzidata. Siku hizi baadhi ya maktaba zimeunganisha vyote kwenye kisanduku kimoja cha kutafutia, jambo lililorahisisha kazi na kuzidisha mkanganyiko kwa wakati mmoja.

Kwa swali lako la usingizi, PubMed ndiyo ya kwanza kwangu, kwa kuwa inahusu tiba na afya na kuitafutia hakuna malipo. JSTOR, iliyoanzishwa mwaka 1995, ina nguvu zaidi kwenye historia, fasihi na sayansi za jamii, kwa hiyo ungeihitaji kama ungeandika kuhusu simu na lugha ya vijana. DOAJ, tangu 2003, inaorodhesha majarida ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma bure. Google Scholar, iliyozinduliwa 2004, inakusanya kila upande, na hilo ndilo zuri lake na baya lake: makala nzito, tasnifu na majarida ya ovyo hukaa bega kwa bega. Ukibonyeza makala ukaambiwa ulipie, usitoe senti. Ingia kupitia tovuti ya maktaba kwa akaunti yako ya chuo, huenda chuo kimeshailipia. Ikishindikana, bonyeza kiungo cha matoleo mengine chini ya tokeo kwenye Google Scholar, mara nyingi mwandishi ameweka nakala ya bure mahali.

Kwa vitabu, tafuta kimoja kizuri, halafu kitumie kupata vingine. Fungua maelezo yake kwenye katalogi, shuka hadi kwenye vichwa vya mada. Hayo ni majina yaliyowekwa na wakutubi ili vitabu vyote vya jambo moja vikusanyike pamoja hata kama waandishi wake wameliita kwa majina tofauti. Bonyeza hapo uone vinavyofanana nacho. Kisha nenda kwenye rafu yenyewe, na ukikipata usikichukue ukaondoka. Tazama vilivyo kushoto na kulia kwake, fungua faharasa mwishoni, angalia kama neno lako lina kurasa tatu au thelathini. Kazi hiyo haifiki dakika mbili kwa kitabu, na inakuepusha kubeba mzigo usio na faida.

Maktaba nyingi duniani hupanga vitabu kwa mfumo wa desimali aliouchapisha Melvil Dewey mwaka 1876, ambamo maarifa yamegawanywa kuanzia 000 hadi 999. Usingizi unaonyesha vizuri jinsi mada moja inavyotawanyika humo. Ukichukuliwa kama jambo la akili, uko 154.6 kwenye saikolojia. Kama kazi ya mwili, uko 612.8. Matatizo ya usingizi kama ugonjwa yako 616.8, kwenye tiba. Aliyesimama mbele ya rafu moja akakata tamaa hajaona hata nusu ya vilivyopo. Halafu kuna mtego wa kusoma namba: baada ya nukta unasoma tarakimu moja moja, kwa hiyo 612.821 inatangulia 612.9, ingawa jicho la haraka huona 821 ni kubwa kuliko 9. Vitabu vingi vinavyodaiwa kupotea viko pale pale, msomaji ndiye aliyevipita.

Kwenye kanzidata, usiandike swali zima. Toa maneno makuu matatu tu: usingizi, simu, wanafunzi. Yaunganishe kwa AND, kwa herufi kubwa, na kila tokeo litalazimika kuwa na yote matatu. Kisha lipe kila neno wenzake kwa OR, ukiwafungia ndani ya mabano: simu OR skrini OR kompyuta kibao. AND hupunguza matokeo, OR huyaongeza. NOT huondoa, nayo itumie kwa tahadhari, kwa sababu ukiondoa "watoto" utaipoteza pia makala iliyolinganisha watoto na wanafunzi wa vyuo. Maneno mawili yanayotakiwa kukaa pamoja yafunge kwa alama za kunukuu. Katika kanzidata nyingi nyota mwishoni mwa mzizi wa neno huleta miisho yake yote. Mantiki hii inatokana na kazi ya George Boole, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya 19, na kanzidata karibu zote huifuata hata zinapoificha nyuma ya visanduku vya kujaza.

Matokeo yakiwa 9,000, ongeza AND nyingine au punguza miaka. Yakiwa mawili, ama umebana mno ama neno lako si la wenye fani. Rudi kwenye daftari. Yakiwa sifuri, tafadhali usiandike kwenye insha kwamba "hakuna utafiti uliofanyika kuhusu suala hili". Sentensi hiyo huwamo katika karibu kila fungu la kazi za mwaka wa kwanza, na mara nyingi maana yake ni kwamba mwandishi alitafuta mara moja, kwa neno moja.

Ukishapata makala moja nzuri, acha kutafuta kwa muda na uifuate yenyewe. Nyuma yake kuna marejeo, yaani waliotangulia. Mbele yake kuna waliokuja kuitaja baadaye. Njia hii ya kwenda mbele ilifunguliwa na Eugene Garfield, aliyetoa Science Citation Index, faharasa ya nani kamtaja nani, mwaka 1964, na leo kwenye Google Scholar imebaki kiungo kidogo chini ya kila tokeo kinachoonyesha imetajwa mara ngapi. Watu hukiona kila siku bila kukibonyeza. Kwa insha fupi, makala mbili zikifuatwa hivyo nyuma na mbele zinaweza kukupa vyanzo vyako vyote sita. Jina linalojirudia katika marejeo ya makala tatu tofauti, huyo mtafute umsome.

Tuchukue makala moja halisi. Mwaka 2015 jarida la PNAS la Marekani lilichapisha utafiti wa Anne-Marie Chang na wenzake kuhusu kusoma kwenye kifaa chenye skrini ya mwanga kabla ya kulala. Habari yake ilienea sana, na ukiikuta kwenye magazeti huwa imefupishwa: skrini zinaharibu usingizi. Sasa fungua makala yenyewe. Washiriki walikuwa 12. Walikaa maabara takriban wiki mbili. Usiku tano mfululizo walisoma kwenye kompyuta kibao, usiku tano mingine kitabu cha karatasi, kila mara kwa saa nne kabla ya kulala, katika chumba chenye mwanga hafifu. Waliposoma kwenye kifaa walichelewa kusinzia kwa karibu dakika 10, na melatonini yao ilishuka.

Tazama mambo yanavyobadilika. Watu 12 ni wachache, ila kila mmoja alilinganishwa na nafsi yake chini ya uangalizi, kwa hiyo matokeo yana uzito kuhusu chanzo na athari. Hata hivyo hayakuruhusu kusema "vijana wote". Kifaa hakikuwa simu. Saa nne za kusoma mfululizo kwenye mwanga hafifu si sawa na kupitia ujumbe kwa dakika ishirini. Na dakika 10, je, ni nyingi au chache? Hapo una aya nzima, tena yako, ambayo hakuna mwenzako darasani atakayeiandika kwa kusoma gazeti.

Halafu weka kando yake utafiti wa aina nyingine, ule wa kuwapa maelfu ya wanafunzi hojaji. Huo una watu wengi, na simu ni simu kweli. Lakini ikiwa waliulizwa mara moja tu, hauwezi kutofautisha kama simu iliwanyima usingizi au usingizi uliwakataa ndipo wakachukua simu. Mmoja una nguvu pale mwenzake alipo dhaifu. Ukiwakutanisha hawa wawili kwenye ukurasa mmoja umefanya kazi ya kitaaluma, hata kama Kiingereza chao kilikutoa jasho. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo maana ya kuambiwa vyanzo sita: kimoja cha kukupa usuli, vitatu hivi vya ushahidi, kimoja kinachopinga unachoelekea kuamini, na kimoja cha ziada. Vyanzo sita vinavyosema jambo lilelile ni chanzo kimoja kilichorudiwa mara sita.

Usisome makala kutoka mwanzo hadi mwisho kama riwaya. Anza na ikisiri, ule muhtasari ulio mwanzoni, uamue kama inakuhusu. Ruka hadi mjadala na hitimisho mwishoni, ujue wanadai nini. Kisha rudi kwenye mbinu: walikuwa watu wangapi, waliwapataje, walipima nini. Takwimu ngumu zilizo katikati unaweza kuzipita mwaka huu bila aibu. Ila usinukuu kwa kutegemea ikisiri peke yake, maana tahadhari nyingi za mwandishi hukaa ndani.

Kuhusu kuaminika, makala ya jarida la kitaaluma kwa kawaida imepitiwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa. Ni chujio zuri, lakini hupitisha makosa. Mwaka 1998 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake iliyozusha hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Ilikuja kufutwa rasmi na jarida hilo mwaka 2010. Makala yenyewe bado inapatikana, ikiwa na alama ya kufutwa, na asiyetazama alama hiyo anaweza kuinukuu kana kwamba ni nzima. Jihadhari pia na majarida yanayoahidi kuchapisha kazi ya mtu ndani ya siku chache akilipa. Ukiona jarida moja linachapisha uhandisi, ushairi na upasuaji, shtuka.

Jingine ni kunukuu usichokisoma. Umesoma kwa Fulani kwamba Fulani mwingine alisema, nawe unamtaja yule wa pili kana kwamba ulimfungua. Kuna hadithi mashuhuri kwamba spinachi ilisifiwa kuwa na madini ya chuma mengi kwa sababu mtafiti wa zamani alikosea mahali pa kuweka nukta ya desimali. T. J. Hamblin aliiandika mwaka 1981 katika British Medical Journal bila kuonyesha aliitoa wapi. Wengine wakaichukua kwake, wengine wakaichukua kwa hao, hata ikawa mfano wa kuonya watu dhidi ya uzembe. Mike Sutton alipoifuatilia hadi kwenye mizizi, mwaka 2010, hakupata ushahidi wa kosa hilo la nukta. Onyo lenyewe lilikuwa limeenezwa kwa uzembe. Usipoweza kupata maandishi ya asili, sema wazi kwamba umemnukuu kupitia kwa mwingine.

Wizi wa maandishi mara nyingi huanzia kwenye daftari. Mwanafunzi hunakili sentensi nzuri, husahau kuiweka alama za kunukuu, na wiki mbili baadaye anadhani ni yake. Kwa kila chanzo andika juu mwandishi, mwaka, kichwa, jarida na namba ya DOI, ile inayoanza na 10, ambayo ukiiandika baada ya doi.org/ inakupeleka kwenye makala hata kama tovuti imebadilika. Chini yake weka maneno yao ndani ya alama za kunukuu pamoja na ukurasa, na maoni yako kwa kalamu ya rangi nyingine. Unapoeleza kwa maneno yako, funga makala kwanza. Ukiwa unaitazama huku unabadilisha neno hapa na pale, muundo wa sentensi unabaki wa mwenyewe, na huo pia ni wizi.

Mtindo wa marejeo, APA, MLA au mwingine, muulize mhadhiri, kisha uufuate bila kuubishia. Zotero, programu ya bure tangu 2006, itakupangia orodha, ila ikague, kwani hubeba makosa ya tovuti ilikochukua taarifa.

Najua utajaribu akili mnemba. Kukupa visawe vya kutafutia au kukufafanulia aya ngumu, inasaidia. Kukuorodheshea marejeo, usiiamini hadi umefungua kila kimoja kwa macho yako, kwa sababu inaweza kubuni mwandishi, kichwa na jarida vikaonekana halali kabisa. Mwaka 2023 huko New York mahakama iliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizobuniwa na ChatGPT.

Tumalizie na ile haya. Mkutubi wa marejeo ameajiriwa kwa ajili ya maswali kama lako, na meza yake haina mtihani. Nenda na daftari, umwambie hivi: "Naandika insha ya kurasa tano, swali langu ni hili. Nimetafuta PubMed kwa maneno haya, nimepata makala hizi mbili, ila sipati zinazohusu wanafunzi wa vyuo." Kwa maelezo hayo atajua mara moja akuongezee neno, akubadilishie kanzidata au akuambie swali limebana mno. Hata ukiwa na mada tupu nenda, atakusaidia kuibana. Na kama makala unayoitaka haipo, muulize kama wanaweza kukuagizia kutoka maktaba nyingine. Huduma hiyo ipo katika maktaba nyingi za vyuo, lakini huchukua siku kadhaa, kwa hiyo muone wiki hii, usingoje usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi.